Meno Mapya ya Difu

Hasira ilimushika Orpha kabla motokari haijaingia gereji. Aliisikia tangu kule barabarani: ikilia uuu kila mwenye motokari, Ambroise, alipokanyaga mafuta, ikinyamaza alipoachia, kisha ikilia tena. Aliweka spana chini. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu amalize kuweka meno mapya ndani ya difu ya motokari ile, lile sanduku la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma, kazi ya siku mbili, akipima na kupima tena mpaka macho yakauma.

Orpha alikuwa mutu wa Pweto, ng'ambo ya mpaka. Alikimbia vita, akalima mihogo miaka mitatu katika kambi ya Mantapala, kisha akashuka Nchelenge na sanduku la vyombo vya marehemu baba yake, akafungua gereji nyuma ya soko. Mwanzoni watu walikuja kumushangaa tu, mwanamuke chini ya lori. Halafu wakaanza kumuletea magari. Alichokuwa nacho mujini ni jina lake, na jina lilitoka kwa kazi.

Siku alipomurudishia Ambroise ufunguo, alimuambia mbele ya muke wake Léonie, neno kwa neno:

"Papa Ambroise, haya meno ni mapya, hayajajuana bado. Yanasuguana, yanapata moto. Inaomba rodage, kuzoezwa polepole. Kilomita mia nane, bila muzigo, bila kuvuta kitu. Dakika makumi mbili, unasimama, unaacha difu ipoe. Ukimaliza mia nane unarudi hapa nimwange mafuta, niweke ingine. Ukiyapika sasa, yamekufa."

Ambroise, aliyenunua samaki kule Kabuta, kando ya ziwa, na kuwapeleka Mansa, alicheka. "Mama, ile ni chuma. Haiko mutoto muchanga."

Sasa alishuka akipiga mulango. Nyuma yake walifuata wabebaji wanne kutoka soko la samaki, maana njiani alikuwa amekwisha kutangaza.

"Mwanamuke, umeniharibia motokari! Nimeambia batu bote kule sokoni: kumupa mwanamuke difu ni kutupa difu ndani ya ziwa. Utairudilia bure, leo!"

Orpha alisikia damu ikipanda mpaka masikioni. Kama angefungua kinywa angemutukania hata mama yake, basi hakufungua. Alichukua beseni, akaingia chini ya motokari, akalegeza kwanza bulungi ya juu, kizibo cha kujazia mafuta, halafu ile ya chini ya kumwangia. Mafuta yakatoka. Hata Jairos, fundi wa kuchomelea wa jirani, aliinua pua na kusogea. Mafuta ya siku nne yanatoka rangi ya asali iliyochafuka kidogo. Haya yalikuwa meusi kama lami, yakinuka kuungua, na kwenye sumaku ya bulungi vipande vya chuma vilishikana kama miiba.

Alitoka na beseni, akaiweka miguuni pa Ambroise.

"Ulivuta nini?"

"Sikuvuta kitu."

"Ulibeba nini?"

"Hewa. Nilibeba hewa, mama. Unataka kunikamatisha kosa lako?"

"Papa Ambroise, niangalie. Ulivuta nini?"

"Nimesema hakuna!"

Wabebaji walianza kunung'unika, na Orpha akaona kwamba wangemuamini yeye aliyepiga kelele zaidi. Hapo ndipo mulango wa upande wa pili ulifunguka. Léonie alishuka. Mukono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kuanzia kiwiko mpaka vidole.

"Bateau," akasema.

"Léonie, ingia ndani."

"Alivuta bateau ya muvuvi Ruffin, boti ile kubwa, kuitoa ndani ya maji kule Kabuta. Na magunia ya samaki yalikuwa nyuma. Nilimuambia: Mama Orpha alikataza. Akanijibu, motokari ni ya nani? Magurudumu ya nyuma yalizunguka ndani ya muchanga mpaka moshi ukatoka. Kamba ikakatika, ikanipiga hapa." Aliinua ule mukono. "Hata pole hakunipa. Aliangalia kama bateau imepasuka."

Ambroise alitazama muke wake kama mutu aliyeibiwa, akageuka, akaenda zake kwa miguu.

Jioni ile Orpha aliteremusha difu mezani. Meno yalikuwa yamegeuka buluu upande mumoja, mawili yamevunjika ncha. Alikaa akiyatazama. Kwa kazi nzuri iliyopotezwa vile alitaka kulia, lakini hasira ilikausha macho.

Siku tatu baadaye Ambroise alikuja na seti ingine ya meno kutoka Lubumbashi, ndani ya karatasi yake, akaitua mezani bila salamu.

"Weka."

"Nitaweka," Orpha akasema. "Kwanza unaenda soko la samaki. Pale pale uliponitukania, unasema ni weye uliyeua ile difu."

"Haiwezekani."

"Basi motokari ilale juu ya mawe."

Ililala juu ya mawe siku sita. Samaki wa Ambroise walianza kwenda Mansa kwa magari ya wengine. Siku ya saba asubuhi, Ambroise akamuita Orpha sokoni. Alisimama katikati ya meza za samaki na kusema kitu ndani ya ndevu.

"Hapana," Orpha akasema. "Kwa sauti ile ya siku ile."

Ambroise akapumua. "Difu niliiua miye! Mama Orpha alinikataza, sikusikia!"

Orpha alidhani hasira ingemutoka palepale. Haikutoka. Alirudi gereji, akaweka meno kwa mikono iliyotulia na kifua kilichochemuka, kisha akamupa Léonie ufunguo mbele ya Ambroise.

"Rodage ni ya Mama Léonie. Kilomita mia nane, weye haugusi usukani."

"Muke wangu hajui kuendesha mbio!"

"Huyo njo mutu ninayemutaka."

Kwa siku kumi wanawake wale wawili walikwenda Mwansabombwe na kurudi, motokari tupu, polepole, baiskeli za samaki karibu ziwapite. Kila dakika ishirini walisimama. Orpha aliweka kiganja juu ya difu. Siku za kwanza alikiondoa haraka. Baadaye aliweza kukiacha. Kando ya barabara, wakingoja ipoe, Léonie alisema mambo ya miaka kumi na minne ya ndoa ambayo hakuwa amemuambia mutu, na Orpha hakumupa shauri lolote. Alikasirika pamoja naye, basi.

Ilipotimia mia nane walirudi gereji. Léonie, mukono wake umepona, akavua viatu.

"Nionyeshe. Nataka kuimwanga miye mwenyewe."

Orpha akamupa spana na kipande cha karatasi ngumu cha kulalia. "Anza na ya juu. Kila mara ya juu. Ukimwanga yote halafu ya juu ikatae kufunguka, utayarudishia wapi?"

Mafuta yalitoka ya kijivu, yameng'aa kwa vumbi laini la chuma, bila hata kipande kimoja. Yakamumwangikia Léonie mpaka ndani ya mukono wa blauzi, akatukana kwa Kibemba. Nje, Ambroise alikuwa amesimama akingoja ufunguo wake.

"Angoje," Orpha akasema, na akashika chupa ya mafuta mapya.