Skrubu ya Mwendo

Gari halijawahi kulala katika gereji ile hata siku moja. Tangu nyumba ijengwe, mwenye nyumba aliijaza feni zisizozunguka, pasi zisizopata moto na redio zilizokufa zamani, naye akijitia kuzifufua. Alikuwa mwalimu wa jiografia, sasa mstaafu, na ufundi aliujulia humohumo, kwa kufungua vitu na kubaki na skrubu za ziada. Majirani walimwita Fundi Bado, maana ukimuuliza feni yako imefikia wapi, jibu lilikuwa hilohilo miaka nenda miaka rudi.

Lakini miezi hii mitatu hakuwa na utani. Mezani palikuwa na redio ya kaseti, na ndani yake kaseti aliyoiokota kwenye sanduku la madaftari ya binti yao. Binti huyo sasa ana watoto wake. Siku ya kurekodi kaseti hiyo alikuwa wa miaka minane, anajirekodi akikariri shairi la shule, akasahau kuzima. Ndipo sauti ya mama yake ikanaswa. Na sauti hiyo haipo tena duniani. Miaka sita iliyopita mke wa Fundi Bado alipasuliwa koo. Uhai ukabaki, sauti ikaenda. Tangu hapo huandika kwenye kidaftari kinachoning'inia shingoni, naye si mtu wa kupoteza wino.

Kilichomkosesha mume raha ni kwamba alikuwa ameisahau. Maneno aliyakumbuka, hata ugomvi aliukumbuka, ila sauti yenyewe ilikuwa imemtoka kabisa. Aliona haya kumwambia mtu yeyote, sembuse mke mwenyewe. Alitaka aisikie japo mara moja, vilevile ilivyokuwa.

Mpira wa kuzungushia kaseti ulikuwa umelainika kama lami. Akakata mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akawasha, na mke wake akatoka mle ndani kwa sauti ya mzee mwenye mafua. Nyuma ya mota kuna tundu dogo lenye skrubu ya kuongeza na kupunguza mwendo. Akaizungusha kidogo. Sasa mke akalia kama panya aliyebanwa na mlango. Mahali fulani kati ya mzee na panya alikuwepo mke wake, lakini ni wapi? Na utepe ulikuwa umechoka, siku yoyote ungekatika.

Jumamosi asubuhi akameza haya zake, akaenda jikoni.

"Mama watoto, njoo gereji kidogo. Kuna kitu nataka unisikilizie."

Mke akamtazama kana kwamba amealikwa ng'ambo. Alikuwa hajakanyaga humo miaka mingi. Akaja, akapangusa kigoda, akaketi katikati ya feni.

"Sauti yako imo humu," mume akasema. "Nisikufiche, nimeisahau. Ikifika yenyewe, wewe ndiye utaniambia."

Mume akabonyeza. Mtoto akamaliza shairi lake kwa kujivuta, kisha yule mzee wa mafua akaita, "Baba watoto!" Mke akatikisa kichwa. Bisibisi ikaingia tunduni, utepe ukarudishwa nyuma.

"Hii?"

Hapana.

"Hii je?"

Panya. Mabega ya mke yakaanza kutikisika. Siku hizi hucheka kwa mabega. Akaonyesha kwa kidole: chini. Chini tena. Juu kidogo. Kisha kidole kikatulia.

"Baba watoto! Chakula kinapoa huku!"

Ilikuwa sauti nzito kiasi, yenye mkwaruzo, ya mwanamke aliyezoea kuita mara mbili. Fundi Bado machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Ndiyo hiyo! Akamkumbuka mkewe kwa uchungu, utadhani hakuwa ameketi hapo hatua moja kutoka kwake. Akanyoosha mkono ili airudishe nyuma aisikie tena, lakini mke akamshika mkono. Kaseti ikaendelea.

"Nakuja!" sauti ya kiume ikajibu kwa mbali. "Nafunga skrubu moja tu!"

Sahani zikagongana. Mtoto akauliza, "Mama, tumngoje baba?"

"Tumngoje kidogo."

Kikafuata kimya kirefu. Kiti kikaburutwa. "Haya, kula wewe, mwanangu," ile sauti ikasema, taratibu sasa, na baada ya hapo haikusema tena. Utepe ukaenda, ukaenda, mpaka kitufe kikaruka chenyewe. Hakuna mlango uliosikika ukifunguliwa.

"Nilikuja baadaye," akasema Fundi Bado. "Lazima nilikuja."

Mke akafungua kidaftari, akaandika mstari mmoja, akamgeuzia asome.

*Kukosa sauti nimezoea. Kukungoja ndiko sijazoea.*

Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma mume zaidi. Mke akainuka, akatembea hadi mlangoni, akasimama hapo akimtazama.

"Nakuja," mume akasema, "nitoe tu hii kaseti—"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Miaka yote ile, na sauti yake haikuwa imebadilika hata chembe. Akafunga mdomo, akaiacha bisibisi ndani ya tundu la mota, akamfuata mkewe.