Nyuki wa Boriti ya Mlangoni

Mwezi wa sita, baridi ikiwa bado imelalia bustani, Damari alitoka nyumbani kabla ya jua na boksi la picha begani, akaenda kuwatafuta waliolala.

Alijua wanakolala. Nyuki wanene wenye manyoya ya rangi ya majivu walijikunja ndani ya maua ya maboga, wawili watatu katika ua moja, wamejaa vumbi la njano hadi machoni. Wale wembamba hawakuwa na nyumba kabisa. Jioni kila mmoja aliuma bua la nyasi kwa taya zake, akakunja miguu, akabaki ananing'inia hivyo mpaka asubuhi, umande umemkaa mgongoni. Usingizi wa namna hiyo Damari hakuwahi kuuona kwa kiumbe mwingine, na kila alipoukuta alipunguza mwendo kama mama anayepita penye mtoto aliyehangaika usiku kucha.

Boksi lilikuwa la mbao, la miguu mitatu. Ubavuni lilikuwa na mkono wa kitambaa cheusi, ili mtu aingize mkono ndani bila kuingiza mwanga. Mumewe, Gaspari, alilitumia miaka mingi nje ya stesheni ya Itigi kupiga picha za wasafiri. Halafu macho yake yakaingia ukungu, wakarudi shambani, boksi likawekwa kona moja na majembe, hadi siku Damari alipolisimamisha mbele ya ua la boga kwa kujaribu tu. Lilikuwa boksi la subira. Unafungua kifuniko cha lenzi, unahesabu taratibu, unafunga. Chochote kilichotikisika kilitoka kama moshi. Ndiyo maana alipiga waliolala.

Kuosha picha ilibaki kazi ya Gaspari, kwa kuwa ni kazi ya gizani, na gizani yeye na mwenye macho mazima walikuwa sawa. Aliingiza mkono kwenye kile kitambaa, akapapasa karatasi, akaichovya kwenye dawa, huku akiimba wimbo wa kanisani chini kwa chini kupimia muda. Picha ya kwanza hutoka kinyume, cheusi huwa cheupe na cheupe huwa cheusi. Wateja wa stesheni hawakuwahi kuitaka hiyo, walisubiri ya pili. Lakini Gaspari wa sasa aliipenda ya kwanza. Nyuki mweusi alitoka mweupe, anang'aa katikati ya giza, mkubwa kama kidole gumba, na Gaspari akiisogeza karatasi puani, juani, aliweza kumwona. Nyuki wengine wa bustani ile alibaki kuwasikia tu.

"Huyu ana masharubu," alisema siku moja.

"Si masharubu, baba Luciana. Hivyo ni vya kupapasia njia."

"Basi huyu ni ndugu yangu. Na mimi napapasa."

Mwaka huo watu walikuwa wakihama. Kaya zote zilizotawanyika porini zilitakiwa kusogea katika kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara iendayo Rungwa, palipopimwa viwanja na kuchorwa mahali pa shule. Wako waliofurahi, wako waliolia, na wako waliofanya yote mawili katika siku moja, Damari akiwa mmoja wao. Gaspari aliomba jambo moja tu.

"Nipigie bustani yote. Karatasi zilizobaki zimalize. Nikifika kule bila hata kuiona kwenye karatasi, nitakuwa nimeiacha mara mbili."

Karatasi zile zilikuwa za mwisho. Madukani hazikuonekana tena, na dawa iliyobaki ilitosha kuosha kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo Damari alipiga bila kuosha. Asubuhi moja ua la boga, asubuhi nyingine vunjajungu kwenye bua la mtama, nyingine nyigu mwekundu juu ya kijumba chake cha tope. Kila karatasi aliilaza chini ndani ya boksi, gizani, juu ya mwenzake, maana isiyooshwa ikiona mwanga huungua yote. Wangeziosha wakishahamia.

Kulikuwa pia na nyuki wa mlangoni. Nyumba yao ilikuwa tembe, ya udongo na paa bapa, na boriti iliyokaa juu ya mlango ilikuwa na uwazi ndani. Humo waliishi nyuki wadogo wasiouma, wadogo kuliko inzi, tangu kabla binti yao Luciana hajazaliwa. Mlango wao ulikuwa mrija wa nta uliochomoza kwenye mti kama kidole cha mtoto, na walinzi walikaa mdomoni mwake wakitazama nje. Kila jioni waliuziba kwa utando wa nta, asubuhi wakautoboa. Damari alitamani sana kupiga picha ya kule kuziba, lakini saa ya kuziba ndiyo saa mwanga unapokwisha.

Katika ukoo wa Gaspari, mtu akihama, boriti ya mlangoni hung'olewa kabla ya miti mingine yote, na ndiyo hutangulia kuingia kwenye kiwanja kipya. Nyuki basi wangehama na nyumba yao. Damari aliliongea hilo na Mazengo, balozi wa nyumba kumi, alipopita siku moja kabla ya kuhama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Lori lini?"

"Kesho, jua likiinama. Dereva ameniapia."

"Vizuri. Boriti ya mlangoni mniachie mpaka jioni, wakishaziba, wote wakiwa ndani."

Mazengo akacheka. "Mama Luciana, na hao nimewaandikisha? Kadi ya chama wanayo?"

"Wanalala pamoja, wanafanya kazi pamoja, ghala lao moja," alisema Gaspari kutoka kwenye kigoda chake. "Hiyo kadi wewe ndiye wa kuwaomba."

Kesho yake lori lilikuja asubuhi.

Damari alikuwa bondeni, mwisho wa bustani, mbele ya nyuki mwembamba aliyekuwa bado ameuma bua lake. Hiyo ilikuwa karatasi ya mwisho. Alishafungua kifuniko na kuanza hesabu ndefu ya kivulini aliposikia injini ikipanda kilimani. Akafikiri, labda ni la jirani. Akaendelea kuhesabu. Akasikia nyundo, na sauti ya Mazengo ikiita watu washike huku na huku. Bado akahesabu, kwa sababu nyuki alikuwa ametulia sana na mwanga ulikuwa mzuri, akafunga kifuniko pale hesabu ilipotimia. Ndipo akapandisha mbio, boksi linampiga begani.

Palipokuwa na mlango palikuwa na anga. Watu walikuwa wengi na wepesi; ukuta wa mbele ulishaangushwa na miti ya paa ilikuwa ikipakiwa. Juu ya mizigo, kati ya magodoro na mitungi, Gaspari alikaa ameikumbatia boriti iliyofunikwa blanketi, kama mtu aliyempakata mgonjwa.

"Usiwe na wasiwasi, mama Luciana!" aliita aliposikia hatua zake. "Nimeweka sikio. Wamo wote. Wanavuma!"

Damari alitazama jua. Lilishapanda juu ya miti, na saa hiyo nusu ya nyuki, labda zaidi, walikuwa kwenye maua. Waliobaki ndani walivuma kama siku zote. Nani angeweza kuijua tofauti kwa sikio? Mazengo aliinamisha kichwa.

"Dereva amesema sasa hivi au basi, mama. Ana vijiji vingine."

"Nimeelewa, baba."

Gaspari alikuwa anatabasamu juu ya mizigo, amefurahi kwamba angalau mara moja amefanya kazi ya macho bila macho. Damari hakutaka kumwondolea hilo mbele ya watu.

"Tangulieni," alisema. "Boksi nitalibeba mwenyewe, lori litalitikisa. Nitakuja jioni kwa miguu."

"Za mwisho umepata?"

"Nimepata."

Lori likaondoka. Vumbi lilikaa hewani muda mrefu, na lilipotua, nyuki walikuwa wameanza kurudi.

Walikuja mmojammoja na mizigo yao ya chavua miguuni, wakafika palepale, kwenye kimo kilekile cha juu ya mlango, wakasimama hewani. Hapakuwa na kitu cha kutua. Wengine wakafika nyuma yao, wakasimama. Adhuhuri walikuwa wengi kiasi kwamba Damari, aliyekaa kwenye udongo uliokuwa chumba chake cha kulala, aliuona mlango wao ukiwa umechorwa angani kwa vitone vyeusi vinavyotetemeka. Upepo ukija ulipinda, ukipita ulinyooka tena. Akili yake ililegea kwa kuutazama. Kwa muda aliona ni yeye aliyehamishwa na nyumba ndiyo iliyobaki, kwamba akiinuka na kupita chini ya vile vitone atakuta jiko linawaka, na Luciana mdogo analia kwa sababu kanyimwa asali.

Jua lilipogeuka aliinuka, akatafuta kwenye vifusi. Aliukuta ule mrija wa nta kwenye vumbi. Ulikatika boriti ilipong'olewa, lakini ulikuwa mzima, na ulinukia utomvu mtamu kama zamani. Akautia kiganjani, akatazama huku na huku atafute chombo. Vibuyu vilikwenda na lori. Mitungi ilikwenda na lori. Baridi ilianza kushuka, na nyuki nao wakaanza kuchoka. Wakatua juu ya matofali yaliyovunjika, juu ya mawe ya jiko, juu ya kanga yake. Hawa hawakuwa kama wale wembamba wa bondeni. Hawakujua kulala nje. Asubuhi angewakuta wamekauka.

Kitu chenye giza kilichobaki pale kilikuwa kimoja.

Alikaa na boksi mapajani. Ndani yake ililala bustani yote ya Gaspari. Kusubiri usiku, atoe karatasi gizani bila kuziharibu, kungekuwa kuchelewa; nyuki hawaingii mahali wasipopaona. Na kuwatia nyuki ni lazima ang'oe lenzi, palipo na tundu, na mwanga ungeingia kabla yao. Aliingiza mkono kwenye kitambaa, akazipapasa karatasi moja baada ya nyingine, laini, baridi, akajua kwa mpangilio ipi ni ipi. Akakaa hivyo mkono ukiwa gizani na uso ukiwa kwenye mwanga.

Kisha akavua kanga ya juu, akaikunja mara nyingi kadiri ilivyokunjika, akazitoa karatasi kwa haraka na kuzifunga humo. Alijua kanga haizuii jua. Aliishi na mpiga picha miaka yote ile. Hata hivyo alizifunga vizuri, akazikalia.

Akang'oa lenzi. Kwenye tundu lake akabandika mrija wa nta, akaukandika pembeni kwa kidole mpaka ukasimama. Akaliweka boksi juu ya kifusi, akalinyanyua kwa matofali mpaka mrija ukafika karibu na kimo cha zamani, akarudi nyuma.

Nyuki mmoja alitua mdomoni mwa mrija. Akaingia. Alikaa ndani, Damari akahesabu taratibu kama kwa picha. Akatoka, akageuka, akainua tumbo na kupiga mbawa papo hapo, kama mtu anayeita wenzake. Wa pili akaja, halafu watatu kwa pamoja. Ule mlango wa angani ukaanza kulegea upande mmoja, ukaelekea kwenye boksi kama uzi unaovutwa kutoka kwenye kitambaa, mpaka jua lilipogusa miti anga likawa tupu. Damari alisubiri aone kama wataziba. Hawakuwa na nta ya kuzibia, akawazibia yeye kwa pindo la gauni alilolichana.

Alifika kijiji kipya watu wakiwa nje wanapika kwenye mioto. Gaspari alikuwa kwenye kiwanja chao, boriti imelazwa juu ya nguzo mbili za panda, yeye amekaa pembeni yake.

"Umechelewa mama Luciana. Dawa nimeshaitafuta, ipo."

Damari alipiga magoti mbele yake. Alimwekea boksi mapajani. "Weka sikio."

Gaspari aliinama. Uso wake ulibaki vilevile muda mrefu, kisha mikono yake ikaanza kutembea juu ya mbao, ikafika palipokuwa na lenzi, ikagusa kitambaa, ikagusa nta.

"Hawa wa wapi?"

"Wa kwako. Walikuwa kwenye maua ulipoondoka."

"Nikasema wamo wote."

"Hata mimi ningesema hivyo. Nilisikia lori, nikamalizia kwanza kuhesabu."

Gaspari alipapasa ubavu wa boksi. "Na bustani?" aliuliza.

Akampa kifurushi. Gaspari aliipima kanga kati ya vidole viwili, upana wa nyuzi zake, wembamba wake, akacheka kidogo kwa pua.

"Hii hata mbalamwezi ingepita," alisema.

Asubuhi waliikaza boriti juu ya nguzo zake, wakaliweka boksi karibu nayo, Damari akaondoa kile kipande cha gauni. Nyuki walitoka mrijani wakazunguka wakishangaa mahali, kisha harufu ya wenzao ikawavuta, wakahamia kwenye boriti mmoja baada ya mwingine mpaka mchana. Siku hiyohiyo walionekana wakijenga mrija mpya.

Gaspari hakukubali kuitupa dawa. Aliosha karatasi zote, akiimba wimbo wake hadi mwisho kwa kila moja, kama kawaida. Zote zilitoka nyeusi, kona kwa kona. Zilipokauka alikaa juani, akaisogeza ya kwanza puani, akaitazama kwa makini.

"Umenipigia usiku wao," alisema. "Hii ni ipi?"

Zilishachanganyika. Damari naye hakujua tena ipi ni ipi. Alikaa chini karibu naye, akaegemeza mgongo kwenye nguzo.

"Hiyo ni ua la boga, lile la karibu na mtaro. Wamo wawili. Mmoja kamlalia mwenzake mguuni."

"Ee." Gaspari hakuishusha karatasi. "Usiende haraka. Huyo wa chini, kichwa kaelekeza wapi?"