Sauti ya Mama Mdogo

Mtandao ulipofika kwetu ulikuja na lugha za wenyewe, na wazazi wetu wakabaki kuikodolea simu macho. Miaka mitatu ofisi yetu ya lugha imebembeleza hadi hospitali ikakubali: mgonjwa apige namba, mashine imsemeshe kwa lugha yetu, ajibu ndiyo au hapana, apangiwe siku. Wa kurekodi nilimchagua mimi. Nilimchukua mama mdogo, maana hakuna anayetamka vizuri kumshinda.

Nikasahau kwamba yeye na mama hawasemezani mwaka wa tisa huu, kisa kugombea kitanda cha marehemu bibi.

Mama ana mtoto wa jicho. La kushoto limeshafunga, la kulia linafuata. Daktari wa macho anakuja kwa wiki moja, na nafasi zinaisha Ijumaa. Jumatano nikapiga namba, nikamwekea simu sikioni. Akasikiliza kidogo, akanirudishia.

"Huyu simjibu."

"Mama, hiyo ni mashine."

"Mdogo wangu namjua. Salamu hana, anakimbilia kuniuliza kama nimepita miaka sitini. Kwani umri wangu haujui?"

"Sema ndiyo tu, yaishe."

"Nimwambie ndiyo yeye? Labda nife kwanza."

Nikabana sauti, nikajibu badala yake. Muuguzi anayesikiliza majibu akaitambua sauti yangu, akanipigia, akacheka mpaka akakohoa, kisha akalifuta ombi. Nilitamani kulia.

Alhamisi nikapanda pikipiki hadi kwa mama mdogo, na kinasa sauti mkobani.

"Rekodi salamu, mama mdogo. Moja tu."

"Aanze yeye."

"Mkubwa ndiye aanze?"

Akafuta meza iliyokuwa safi. "Anaona kiasi gani?"

"Jana amemimina chai pembeni ya kikombe."

Akavuta kinasa sauti mwenyewe, akamsalimia dada yake. Nilijua wazee wa kiume watakaopiga namba hiyo watanisumbua kwa kuitwa dada, lakini hilo nililiacha lije.

Ijumaa mama akaishika simu kwa shingo upande. "Shikamoo, dada," ikasema. Akaibana simu sikioni.

"Marahaba," akajibu.

"Sijaelewa." Mashine ikauliza la umri, mama akajibu, kisha: "Je, uko tayari kuonwa na daktari?"

"Ndiyo." Sasa ameishika simu kwa mikono miwili. "Na wewe uje unishike mkono. Njia siioni."

Mashine ikasema ombi limepokelewa, ikakata.

"Amekubali kuja?" mama akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema, nikatoka kutafuta pikipiki ya kumfuata.