Komba Alipowashuku Wote

Hakuna mtoto wa Dandora ambaye hakumjua Komba. Ijumaa jioni, wimbo wa kipindi ukishaanza, karata ziliwekwa chini, sufuria ziliachwa zijichemkie, na mpita njia alisikia kelele ileile ikitoka kila dirisha. Komba alikuwa shujaa wa mtaa, msichana mwenye suti ya kahawia na masikio makubwa ya bandia, aliyeweza kusikia mnong'ono hata uwe nyuma ya ukuta. Wazee walimtania, "Komba gani huyu asiyelewa?" lakini nao hawakukosa kumtazama.

Aliyeigiza Komba ni Koki Ndeti, binti wa dereva wa lori, aliyezaliwa na kukulia papo hapo Dandora. Ilipofika zamu ya kupiga picha za kipindi cha saba, dairekta wao, Lydiah, alimpa karatasi za maigizo zilizopungua. Kurasa za mwisho hazikuwemo.

"Zingine ziko wapi?" Koki aliuliza.

"Ninazo mimi. Kipindi hiki Komba anaingiwa na wasiwasi. Anasikia watu wakinong'ona, anaanza kumshuku kila mtu, hadi Tosha rafiki yake. Sitaki ujue adui ni nani mpaka umkute."

"Hata kidokezo?"

Lydiah akacheka. "Kikulacho ki nguoni mwako. Basi, hicho kinakutosha."

Koki naye akacheka. Wazo lilimpendeza, akaenda nyumbani akiruka vidimbwi kama mtoto. Lakini kicheko hicho hakikudumu.

Tosha aliigizwa na Nyongesa, rafiki yake wa kweli. Walianzia pamoja katika kikundi cha maigizo cha kanisa, na ni Koki aliyemshika mkono akamleta kwa Lydiah, wakati huo Nyongesa akiwa kibarua wa kupakia mizigo Industrial Area. Sasa Koki akiingia chumba cha mazoezi aliwakuta Nyongesa na Lydiah wamekaribiana vichwa. Wakimwona, kimya. Siku nyingine alipita kwa fundi wao wa nguo, akamwona Mourine, msichana wa Mathare aliyekuwa bingwa wa kupiga sarakasi, amesimama kapanua mikono akipimwa. Mezani palikuwa na kitambaa cha kahawia.

"Mourine anashonewa nini?"

"Aa, ni mambo ya Lydiah hayo," fundi akasema, akikunja kitambaa harakaharaka.

Moyo wa Koki ukampasuka. Jioni hiyo alikisukuma chakula pembeni, akamwambia mama yake, Kaluki, "Wamenichoka. Wanamtengeneza mwingine awe Komba."

"Umewauliza?"

"Niwaulize nini, mama? Wote wanadanganya."

"Mtu hawezi kujua hilo kabla hajauliza," Kaluki akasema. Lakini Koki alikuwa ameshaamua. Kuanzia hapo kila kikohozi cha Nyongesa kilikuwa ishara, na kila simu aliyopokea mbali kidogo ilikuwa njama.

Walipiga picha za sehemu ya mwisho Jumamosi mchana, juu ya paa la ghorofa nne, katikati ya matangi ya maji na kamba za kuanikia. Roshani za majumba ya jirani zilijaa watu hadi vyuma vikalalamika. Mama mmoja aliyejifunga leso kichwani alipaza sauti, "Komba! Usimwamini huyo Tosha! Ana macho ya mwizi!" Mtaa mzima ukaangua kicheko. Koki hakucheka.

Kwa kuwa angefika ukingoni, alifungwa kamba kiunoni, ikapita chini ya suti na kufungwa mwisho wake kwenye nguzo ya chuma. Nyongesa ndiye aliyekagua fundo.

"Iko poa?"

"Wewe ndiye unayejua," Koki akamjibu bila kumtazama.

Lydiah akawaambia wote wakae kimya. "Koki, utatoka kwenye mlango ule wa chuma. Utakachokikuta, kikabili. Usisimame hadi niseme. Tayari? Ekshen!"

Koki akaupiga mlango teke, akatokea juani. Shuka nyeupe zilikuwa zikipepea. Akaifunua moja, akafunua nyingine, na nyuma ya ile ya tatu alisimama Komba.

Suti ya kahawia. Masikio yaleyale, na barakoa ikificha uso. Hata viatu.

Damu ikampanda kichwani. Alimrukia. Yule mwingine akabiringika hewani, akatua nyuma ya tangi, akachomoka upande wa pili, Koki akamfuata akizipasua shuka kwa mabega, kamba ikiburuta nyuma yake, na roshani zote zikawa zinapiga mayowe, "Mshike! Mshike!" Akamdaka mkono, akaivuta barakoa kwa nguvu zake zote. Ni Mourine, anahema.

"Komba!" Nyongesa alikuwa amefika mbio. "Unafanya nini?"

"Usiniite hivyo! Mlidhani sitajua? Mmenitafutia mwingine!" Sauti ilimtoka ikikwaruza. "Nilikutoa Industrial Area ukibeba magunia mgongoni, leo wewe ndiye wa kuninong'ona?"

Roshani zikatulia. Nyongesa akapepesa macho, na wote waliokuwa karibu waliona kwamba neno limeingia. Lakini hakuacha kumwigiza Tosha.

"Mwingine nani?" akauliza polepole.

"Huyu hapa!"

"Komba, hapa hakuna mtu. Tangu utokee mlangoni unapigana na shuka."

Koki akageuka. Mourine alikuwa mbele yake, kimya kama sanamu, akimtazama vile mtu anavyojitazama kwenye kioo. Ndipo kila kitu kikamfungukia kwa pamoja. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapakuwa na msaliti, wala katika hadithi wala nje yake. Adui wa Komba alikuwa ndani ya suti ya Komba, na Mourine aliigiza wasiwasi wake tu. Aibu na furaha vilimvaa kwa mpigo mmoja, asijue kipi kilitangulia.

"Hakuna?" akauliza, na hapo hakuwa akiigiza.

"Hakuna."

Mourine akapiga hatua moja mbele, Koki akarudi nyuma moja. Kamera ikawafuata. Kisigino chake kikagusa ukuta mfupi wa ukingoni. Nyongesa alikuwa ameizungusha kamba mkononi.

"Nimekushika," akasema.

Hakuna aliyemwelekeza. Koki alipanda ukuta ule, akajilaza kinyumenyume hewani, taratibu, mpaka akaona mabati ya vibanda yakiwa juu na anga ikiwa chini ya miguu yake. Wanawake wakapiga ukemi. Kamba ikakazika, ikalia, ikashika.

"Nivute, Tosha!"

Nyongesa akavuta. Wakaanguka wote wawili juu ya saruji.

"Kata!" Lydiah alikuwa akirukaruka, mtaa ukawa unapiga sufuria na miluzi, mama mwenye leso akilia na kucheka.

Koki alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwa Lydiah. "Ulinichezea akili."

"Lakini umeona tulichopata?"

"Nimeona. Ni moto. Ila usirudie tena. Mimi ni mwigizaji. Ungeniambia, ningekupa vilevile."

Lydiah alitaka kubishana, akaghairi. "Sitarudia."

Nyongesa alikuwa ameketi juu ya ndoo, akipuliza kiganja kilichochubuliwa na kamba. Koki akachuchumaa mbele yake.

"Yale maneno ya magunia..."

"Yalikuwa yako, si ya Komba. Niliyasikia."

"Yalikuwa yangu. Nisamehe. Nimwambie Lydiah ayakate?"

"Wacha yaende. Tosha anaweza kuambiwa hivyo na mtu aliyechanganyikiwa. Nyongesa ndiye hakustahili. Nitakusamehe, lakini polepole, usinisukume."

"Sikusukumi."

Kipindi kilipoonyeshwa, majirani walitoa televisheni uani, wakaiweka juu ya meza, watu wakaketi hata juu ya kuta. Nabwire, mama yake Nyongesa, alimvuta Koki akae ubavuni pake. Maneno ya magunia yalipotoka, uwanja ukaguna, na Nabwire akageuka.

"Umemtukana mwanangu mbele ya Kenya nzima."

"Nilikosea, mama. Na yeye nimemwambia."

"Magunia hayo ndiyo yaliyomsomesha dada yake."

"Sikujua, mama. Naona aibu."

Nabwire akaushika mkono wa Koki, akaubana mpaka ukauma, akageukia televisheni. "Haya nyamaza, nione kama atamvuta."

Kwenye skrini Komba alikuwa amelala hewani. Tosha akavuta, na kabla hata hawajaanguka chini Nabwire alikuwa amesimama, kiti chali, ngumi hewani.

"Amemvuta! Mnaona? Wangu huyo! Wangu!"

Uwanja wote ukalipuka naye, na Koki akajikuta akipiga kelele kuliko wote.