Nyuzi Kichwani mwa Yasin

Afrah alikuwa na hasira tangu asubuhi, na maneno ya kwanza ya Daktari Rahab yakamchochea zaidi.

"Uvimbe umerudi."

"Umerudi vipi na mliutoa? Mlisema umeisha. Akapigwa mionzi mpaka nywele zikatoka. Mimi nikapigia kwetu Kambi Muru yote simu nikawaambia mdogo wangu amepona."

Yasin, huyo mdogo wake, alikaa kando yake, kofia ikifunika kovu. Tangu upasuaji alikuwa akiishi kwa Afrah huko Kawangware 46, akilazimishwa uji, na kila alipotaja kurudi Kambi Muru kwa mama yao alifokewa.

Daktari hakujitetea. Alieleza kwamba kansa hii ya ubongo haikai mahali pamoja kama jipu. Seli zake hutoa nyuzi nyembamba mno, zikapenya ndani ya ubongo na kushikana. Mionzi ikiigonga seli moja, zilizoshikana nayo huisaidia kuhimili, na palipokatwa hujazwa upya.

"Yaani zinasaidiana," Afrah alisema. Alitamani kutema mate. Ndugu wa damu walikuwa wakitegeana kumfulia Yasin shuka, na madudu hayo yasiyo na macho wala haya yanabebana. Hakuna kitu kilichowahi kumuudhi kiasi hicho.

Yasin alimgeukia dada yake akacheka. "Siz, hiyo ni sambaza."

Ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuwavutia watu wa mtaa wa Mashimoni stima ya magendo, waya kutoka paa hadi paa.

"Watu wa stima wakikuja wanakata laini kubwa, wanaenda wakidhani wamemaliza. Kumbe kila nyumba nimeiunga na ya nyuma. Jioni taa zinawaka." Akamgeukia daktari. "Hizo zangu mnaeza kuzikata?"

"Kuna dawa zinajaribiwa, lakini hakuna yenye tuna uhakika nayo. Tunaweza kurudia mionzi. Pengine ikuongezee miezi kadhaa, lakini itakuchosha sana."

"Anarudia," Afrah alisema. "Andika."

"Siz, kumaliza sambaza yote ya Mashimoni lazima uchome Mashimoni." Yasin alijigusa kichwa. "Na mimi naishi hapa ndani. Nipeleke kwa mathe nikiwa bado najua jina lake."

Afrah alimchukia daktari, alizichukia seli, na zaidi ya wote alimchukia Yasin kwa kusema kweli mbele ya watu. Akainuka, akamkamata mkono na kumvuta kwa nguvu kuelekea mlangoni.

"Nitakupeleka leo," alisema. "Lakini usidhani nimekusamehe."

Yasin aliutazama mkono aliokuwa ameshikwa.

"Shika huu mwingine," alisema. "Huo siusikii tena."