Asiyeombwa Kitu

Insha ilirudi mara ya pili, ikiwa na wino mwekundu kuliko mara ya kwanza. Theresia aliikunja mara nne, akaitia mkobani chini ya Biblia, akapanda treni huku akimlalamikia Mungu kimyakimya.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Asubuhi alihudumia wazee majumbani mwao Skärholmen, nchini Sweden. Jioni mbili kwa wiki alisoma na vijana wa umri wa wanawe. Lilibaki somo moja tu. Akilipita, angeomba nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo cha Flemingsberg. Akianguka mara ya tatu, basi, na nguvu za kuanza upya hakuwa nazo. Lililomuuma zaidi ni kwamba lilikuwa somo la dini. Mtu anayepiga magoti alfajiri na magharibi aanguke hisabati, sawa, lakini dini?

Mwalimu alitaka kila mwanafunzi achague kifaa kimoja cha ibada, aeleze mwenye nacho anatafuta nini kwacho. Theresia alichagua madhabahu ya shaba ya Mzee Hirachand, mmoja wa wazee aliowahudumia, Mhindi wa dini ya Kijaini aliyezaliwa Mombasa, akafanya biashara Jinja, akafukuzwa Uganda mwaka wa sabini na mbili na kuishia Sweden. Madhabahu haikuzidi shubiri. Katikati aliketi mtu aliyekunja miguu, macho yake ya fedha. Kando yake na juu yake walikuwapo wengine wanne, wadogo. Mzee aliwaita washindi, watu walioishinda tamaa na hasira wakaachana na dunia. Nyuso zao zilikuwa zimelika kwa kuguswa miaka mia tano, hata pua hazikuonekana.

Mara ya kwanza Theresia aliandika kwamba waumini humwomba huyo wa katikati afya na mali. Mara ya pili, kwamba yeye huwaombea kwa Mungu, kama watakatifu. Mara zote mbili mwalimu alihoji pembeni: umemuuliza mwenyewe?

Alikwisha kumuuliza.

"Anakupa nini, mzee?"

"Hanipi kitu."

"Sasa unamwomba nini?"

"Simwombi. Amekwenda zake huyo, hasikii."

Theresia alidhani anataniwa. Mzee alipenda mizaha. Alimtaka ampe shikamoo mbili kila asubuhi, kwa kuwa Sweden nzima, alisema, hakuna mwingine wa kumpa.

Na hakuwa akila. Tangu Januari, kila Theresia alipomwekea uji, aliusukuma kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekakamaa tangu apatwe na kiharusi. Theresia aliandika kwenye daftari la zamu: amekataa kula. Gaudiose, Mrundi aliyeshika zamu ya mchana, alimcheka. Yeye alimwogesha mzee saa sita, na baadaye mzee alimaliza sahani. Labda, alisema Gaudiose, uji wa Kitanzania ndio wenye kasoro.

Asubuhi iliyofuata kurudishwa kwa insha, bakuli lilisukumwa tena, na subira ikamwishia Theresia. Akasema kwamba na yeye ana shida zake, akaitupa insha mezani. Mzee akaisoma polepole, akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia jibu lake limeandikwa nyuma ya madhabahu. Theresia akanyoosha mkono aigeuze.

"Usiguse!"

Mkono ukabaki hewani.

"Hata mimi siigusi," mzee akasema, sauti ikashuka. "Sijaoga. Na kabla sijaoga nikamwabudu, sili. Ndivyo nilivyolelewa. Toka mlipohamishia kuoga kwangu mchana, na chakula kikahama."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Nilisema ofisini. Wakaniuliza kama uji unanidhuru."

Theresia alitazama saa. Mteja mwingine alikuwa akimngoja, na kwenye ratiba kuoga kulikuwa saa sita. Akafungua maji ya moto.

Alimwogesha, akamvika nguo safi. Mzee akaomba afungwe kitambaa mdomoni, pumzi isiiguse sanamu. Theresia naye akajifunga chake. Akasaga msandali na zafarani kama alivyoelekezwa, kisha akashika kiwiko cha ule mkono uliokakamaa, akakiongoza ili kidole cha mzee kiguse mwili wa shaba mahali tisa: vidole gumba vya miguu, magoti, vifundo vya mikono, mabega, utosi, paji, koo, kifua, kitovu. Hakusujudu. Chini ya kitambaa alimwomba Yesu amsamehe kama ni dhambi, na, kwa mazoea, amkumbuke kwenye insha.

"Unamwomba huyu?" mzee akauliza.

"Namwomba wangu."

"Vizuri. Huyu angekuvunja moyo."

Ndipo Theresia alipoigeuza madhabahu. Nyuma yalichongwa maandishi, na mzee akayasoma kwa moyo: mwaka, kwa hesabu ya Kizungu elfu moja mia nne tisini na moja, jina la mfanyabiashara, na kwamba aliifanyiza kwa ajili ya kheri ya mama yake.

"Si umeona?" Theresia akadakia. "Alimwombea mama yake."

"Hakuomba, mama. Alitenda. Kheri ya tendo lake ikamfuata mama yake. Huyu wa shaba hakuinua hata kidole."

Kisha akala mabakuli mawili.

Ofisini Theresia alikaripiwa kwa kuvuruga ratiba. Gaudiose alinung'unika, akakubali wabadilishane baadhi ya kazi za zamu zao ili mzee aogeshwe asubuhi. Usiku wa Jumapili Theresia aliandika insha ya tatu. Mzee hatafuti kupewa, aliandika. Humwosha mshindi ili amtazame, na humtazama ili afanane naye. Najua, kwa sababu nilishika kiwiko.

Ilirudi na alama ya kupita, ya chini kabisa. Chini ya neno kiwiko mwalimu alipiga mstari: mbona hukuanzia hapa?

Aliisoma ndani ya treni, na badala ya furaha, hasira zikampanda upya. Miezi mitatu alikuwa akiandika kwa mkono wake mwenyewe, amekataa kula, bila kuuliza kwa nini. Alimshukuru Mungu, alimshukuru kweli. Kisha, kwa kuwa hawakuwa watu wa kufichana, akamwambia kwamba hilo jibu angeweza kumpa Januari.