Kidonge Kilichoketi Mlangoni

Niliota usiku wa jana kwamba nimekwenda kwenye dirisha la dawa kurudisha vidonge vyangu vya huzuni. Nilikuwa nimeanza wiki ya pili kuvimeza na sikuona nafuu yoyote. Hata nikiwa macho nilishamwambia mume wangu, Chande, kwamba naviacha. "Siwema, muulize daktari kwanza," alinisihi. Sikumuuliza.

Dirishani hapakuwa na mtu. Kidonge kimoja kikajichomoa kwenye pakiti, kikasimama mbele yangu, kikakohoa.

"Hujambo, mama? Umekula?"

"Sijala. Nimekuja kukurudisha."

"Basi hatuwezi kuzungumza. Mimi ni wa baada ya chakula."

Nikapekua mkoba, nikapata kipande cha muhogo wa kuchemsha. Kikaningoja kwa adabu mpaka nikamaliza kutafuna.

"Tena huruhusiwi kuniacha ghafla," kikasema. "Imeandikwa kwenye karatasi yangu. Mimi naagwa kidogo kidogo."

Kikanyoosha mkono. Tukaanza kuagana kidole kwa kidole. Tulipofika kidole cha pili, dirisha likawa ukingo wa mfereji, nami nikawa ndani ya kichwa changu mwenyewe. Nilikitambua kwa ukimya wake.

Mfereji ni mwembamba. Upande huu kuna ukuta wa neva moja, ng'ambo kuna ukuta wa neva nyingine. Huku madirisha yanafunguka, vifurushi vidogo vya habari vinarushwa majini. Kabla vingi havijavuka, wachukuzi wanaviopoa na kuvirudisha ndani mbio mbio.

"Hawa ni akina nani?"

"Protini," kikajibu kidonge. "Kila mmoja na kazi yake. Na yule wa ng'ambo ni kipokezi, wa kuvipokea vifurushi, naye ni protini."

Ng'ambo ameketi mama mwenye mikono mingi kupita kiasi, yote ameikinga, karibu yote mitupu.

"Habari za siku nyingi, mwanangu!" akaniita. "Huku kwetu hazifiki."

Kidonge kikaenda kuketi katikati ya mlango wa wachukuzi.

"Tupishe," mchukuzi akasema.

"Nimeshaketi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesho, baada ya chakula. Halafu atakuja mwenzangu."

Vifurushi vikabaki vinaelea, vikavuka. Mama akadaka kimoja, akadaka cha pili, kisha vikamjia kwa fujo.

"Taratibu jamani! Mikono imenizidi. Hii niliiotesha wakati wa njaa!"

Akaanza kuikunja baadhi, mmoja baada ya mwingine, kama anayekunja kanga za kuweka kabatini. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Mbona mimi sijasikia tofauti?" nikauliza.

"Kuketi mlangoni ni kazi ndogo," kidonge kikasema. "Hawa kujipanga upya ndiko kunakochukua majuma. Tazama kule."

Kule mafundi, nao protini, wanakandika kibaraza kipya kuelekea majini. Mmoja akaniuliza bila kugeuka, "Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiyo."

"Tumesikia unatufukuza kazi."

Akanipisha kando yake.

"Hebu bonyeza hapa, utuambie kama pamekauka."

Nikabonyeza kwa kidole gumba. Palikuwa pabichi, pana uvuguvugu. Nikainama nione kibaraza kinaelekea wapi. Ilikuwa miezi mingi sijataka kujua chochote.

"Kinakwenda wapi?"

"Sisi tunakandika tu," fundi akasema. "Wa kupita ni wewe."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, na Chande amesimama kando ya kitanda na kikombe cha uji.

"Mbona kidole chako kina udongo?" akauliza.

Nikatazama. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na udongo wa kijivu, mbichi, bado una uvuguvugu.

"Twende kwa daktari leo," nikamwambia. "Nina maswali. Sitaki kuacha kabla hawajamaliza."

"Akina nani?"

"Mafundi."

Akanipa kikombe, nikanywa funda moja, nikasita.

"Chande, leo umetia tangawizi?"

Akaketi polepole kitandani, akinitazama.

"Naitia kila siku, Siwema."